Mtoto wa mwimbaji, fundi wa majokofu

Baba yangu alikuwa mwimbaji wa muziki wa dansi. Kama ulizaliwa Tanzania kabla ya miaka ya themanini kwisha, huenda umewahi kuitikia kibwagizo chake harusini bila kujua ni cha nani. Jina lake silitaji. Nikilitaja, wengi watamsoma baba na mimi wataniruka, na safari hii nina neno kwa watoto wenzangu: wa wanamuziki, wa wachezaji mpira, wa mashehe na wachungaji wakubwa, wa wabunge.

Tuanzie kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo watu wanapotukosea zaidi. Bendi nyingi kubwa za wakati ule zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Ikaja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo ndiyo Msondo. Mlimani Park ya mwaka 1978 tuliizoea kwa jina la DDC, yaani Shirika la Maendeleo Dar es Salaam. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima, Vijana Jazz ya Umoja wa Vijana, na Polisi, Magereza na JKT nao walikuwa na za kwao. Magitaa yalikuwa ya shirika, spika za shirika, gari la shirika. Mwimbaji alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara kama karani. Lakini nyimbo zake zilirekodiwa Radio Tanzania, na Bara hapakuwa na redio nyingine mpaka miaka ya tisini, kwa hiyo sauti moja iliingia kila nyumba kuanzia Kigoma mpaka Mtwara. Ndivyo mtu aliyepanga vyumba viwili Temeke, choo cha kushirikiana, alivyojulikana nchi nzima.

Sisi watoto tulipata vya bure. Kondakta wa daladala alinirudishia nauli: "Mtoto wa mzee huyo, mwacheni." Muuza nyama aliongeza kipande juu ya mizani. Mama hakupenda hata kidogo, na mimi nilimwona ana kiburi. Yeye alikuwa anajua kwamba kila kipande kingerudi mlangoni kwa sura ya ombi: mzee aje aimbe kwenye harusi ya binti yangu, mzee amtafutie kijana wangu nafasi bendini, mzee atuingize ukumbini Jumamosi. Baba hakuwa na kifua cha kukataa. Sisi tulikula, yeye akalipa kwa koo lake.

Asubuhi nyumba yetu ilikuwa kimya. Alirudi alfajiri kutoka dansini akalala mpaka mchana, nasi tulipita koridoni kwa ncha za vidole. Redio ya jirani ikimpiga, mwenyewe anakoroma upande wa pili wa ukuta. Kuna wimbo wake unaowaasa kina baba wasitelekeze watoto wao. Niliusikia mara nyingi kuliko nilivyomsikia akiongea na mimi. Kwa miaka mingi sikuweza kulisema jambo hili mbele ya mtu, kwa sababu ukilisema kuna mtu anajibu, "Lakini mzee alikuwa mkarimu sana!" Ni kweli. Kwao.

Sekondari ilikuwa shida. Mwalimu mmoja aliniambia mbele ya darasa kwamba baba yangu fedha za kuhonga anazo, za ada hana. Miaka ileile mashirika ya umma yalikuwa yanabinafsishwa na bendi zinakosa mlezi. Redio binafsi zikaingia, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994, na vijana wakaja na muziki wao. Baba akawa anapiga kwa kugawana viingilio, usiku mwingine anarudi na nauli tu. Cha ajabu, jina ndipo lilipozidi kukua, kwa sababu nyimbo zilishakuwa "zilipendwa" na kila kituo kilitaka kipindi chake cha Jumapili. Kadiri tulivyozidi kufukara ndivyo tulivyozidi kujulikana.

Mimi sauti sina. Watu walikuwa hawaamini, wakadhani naringa. Nikaenda chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe kusomea majokofu na viyoyozi, kozi niliyoichagua kwa sababu karakana ile ilikuwa na kelele na hakuna aliyeniomba niimbe.

Kazi ya kwanza niliipata hotelini, na niliipata kwa sababu ya baba. Meneja alikuwa shabiki wake wa tangu enzi za bugi, dansi la Jumapili mchana. Sikufanyiwa usaili. Alinitembeza mapokezi, jikoni, mpaka kwa wageni: "Huyu baba yake ni fulani!" Mshahara sikuuliza, maana utamuulizaje bei mtu anayekukumbatia? Wenzangu wa kitengo cha ufundi wakaninunia, na walikuwa na haki. Jokofu la jikoni nililolijaza gesi lilikuwa la moto tena kabla ya wiki kwisha. Fundi mwingine angepewa barua ya onyo. Mimi meneja alinipiga bega akacheka, kisha akaita fundi wa nje nisipokuwepo. Nilikaa pale muda mrefu na nikatoka najua kilekile nilichotoka nacho chuoni.

Sisemi ukatae kazi iliyoletwa na jina la mzazi. Njaa haina falsafa. Ichukue, ila omba usailiwe kama wengine hata kama bosi anasema hakuna haja, uliza mshahara kwa maandishi, na angalia kitu kimoja: je, ukikosea unakemewa? Ukiona makosa yako hayakemewi, hujaajiriwa hapo, umefugwa.

Nilihamia Mwanza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Viwanda vya minofu ya sangara ndivyo vilivyonivuta. Umoja wa Ulaya ulikuwa umewahi kusimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria, mwaka 1999, baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Kufikia wakati wangu wenye viwanda walishajua kwamba baridi na usafi ndiyo biashara yenyewe, na fundi wa mitambo ya barafu hakukosa kibarua. Aliyenipokea ni mzee mwenye karakana Igogo. Msukuma, Msabato, dansi kwake ni dhambi tupu. Alikuwa anajua kwaya. Sauti ya baba yangu hakuwahi kuisikia, na kama aliwahi, alizima redio.

Wiki ya kwanza alinikuta naongeza gesi kwenye friji la muuza samaki.

"Inavuja wapi?"

"Sijaangalia, mzee. Nimeona imepungua."

"Umeweka gesi kwenye mfumo unaovuja, halafu utampa mtu bei? Huo ni wizi, kijana. Toa."

Alinifundisha kupima kwa naitrojeni na povu la sabuni, kuchomelea kopa bila kuziba njia, kuiacha pampu ivute mpaka hewa na unyevu viishe badala ya kutazama saa. Alinitukana pia. Usiku nilikuwa nalala na hasira, lakini ni hasira safi, ya mtu aliyetukanwa kwa kosa lake mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kuionja.

Miezi ya kwanza ilinichanganya kwa namna ambayo sikuitegemea. Nikiingia dukani nilikuwa nasimama kidogo kaunta, kama nasubiri kitu. Ilinichukua muda kugundua nilikuwa nasubiri muuzaji akunjue uso. Temeke nilizoea watu kuninyooshea tabasamu kabla sijafungua mdomo, na nilikuwa nalalamika juu ya tabasamu hilo kila siku. Mwanza halikuwepo, nikajisikia kama nimeugua. Ukihama ulikojulikana, jiandae kwa hilo. Jiandae na mfuko pia: mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, nikaanza na godoro bila kitanda, na huku nyumbani wanapiga simu kuomba hela, kwa sababu ndugu wa mbali walishaamua kwamba mtoto wa fulani hawezi kuwa hana.

Siku niliyoanza kujihesabu mtu mzima ni siku niliyokopa. Kulikuwa na mteja anataka kompresa mpya na fedha atatoa kazi ikishaisha. Nikaenda duka la vipuri. Mwenye duka akaniuliza, "Nani anakudhamini?" Swali la kawaida kabisa, lakini mimi sikuwahi kuulizwa. Nyumbani watu walitupa au walitunyima kwa ajili ya baba, hakuna aliyetukopesha. Mzee wangu wa karakana akaja mwenyewe, akasimama mlangoni, akasema, "Huyu akikimbia, njoo kwangu." Nililipa kwa mafungu matatu. Kompresa ya pili nilichukua bila mdhamini. Baadaye nikaingia kikundi cha kuweka na kukopa, nikanunua hisa ndogo, nikakopa kidogo nikarudisha kabla ya tarehe, kwa makusudi, ili daftari lao lijae jina langu.

Wengi wetu tunakimbilia kutafuta umaarufu wetu ili tushindane na wa mzazi. Mimi naona tafuta wadai wako. Mtu akikupa kwa ajili ya baba yako, kitu kile kinaandikwa kwenye hesabu ya baba yako, na huna namna ya kukilipa hata ukiwa tajiri. Akikukopesha wewe, ukalipa, pale ndipo unapoanza kuwa mtu kwake.

Kuhusu jina lenyewe. Bahati yangu, baba alijulikana kwa jina la jukwaani, na vyeti vyangu vina jina lake la kuzaliwa na la babu. Sikuwa nimejificha, ni watu hawakuunganisha. Kama mzazi wako anajulikana kwa jina lililo kwenye cheti chako, utashawishika kulibadili. Fikiri sana. Cheti cha kuzaliwa, vya shule, vya chuo na namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa vinatakiwa vifanane, na ukibadili hapo utatembea na hati ya kubadili jina kila ofisi ukijieleza. Kunyamaza ni bure.

Siri haikai milele, hata hivyo. Binamu yangu alikuja kunitembelea, redio ya karakana jirani ikapiga wimbo wa baba, naye akapayuka. Jioni mtaa mzima unajua. Mzee wa karakana alinitazama akasema, "Kumbe baba yako mtu wa madansi. Haya, shika geji." Nilimpenda zaidi siku ile. Wateja ndio waliobadilika. Mtu anakuita, unafungua mashine yake, yeye anakaa kwenye kiti anakusimulia alivyocheza ukumbi wa Amana mpaka alfajiri, na ukimaliza anaona mmeshalipana kwa hadithi. Tangu hapo bei inaandikwa kwanza, nusu inalipwa kwanza, hadithi tunaipiga baadaye tukinywa soda. Na kiasi fulani nimeanza kuzifurahia hizo hadithi, maana yule baba wanayemsimulia mimi sikumwona. Muda ule mimi nilikuwa nimelala.

Baba alifariki nikiwa Mwanza.

Msiba wa mtu anayejulikana una wafiwa wengi, na wewe ni mmojawapo tu. Nilifika nikakuta kamera uani, turubai limejaa mtaa, watu nisiowajua wanapanga nani atashika jeneza. Mwanamume mmoja alinishika mabega akalia mpaka nikamfariji mimi. Machozi yangu yalikuja kwenye basi la kurudi Mwanza, usiku, baada ya Dodoma, abiria wamelala.

Kama uko mahali kama pale, au unaona siku inakaribia, haya ni ya kufanya mapema. Mteue mmoja wa kuongea na waandishi, wengine wote wafunge mdomo. Daftari la rambirambi alishike mtu wa ndani. Viongozi na matajiri wataahidi kwenye kipaza sauti: nyumba, kusomesha wadogo, jina la barabara. Mtu wenu apite palepale achukue namba za simu za wasaidizi wao, kwa sababu kipaza sauti kikizimwa ahadi haina mwenyewe. Na kama mzazi wako aliishi maisha ya usiku, wajiandae wazee wa ukoo kupokea watu wapya. Kwetu walikuja kina mama wawili na watoto. Dada yangu mkubwa alitaka kuwafukuza. Babu mdogo akawakalisha ndani, akafunga mlango, akawasikiliza mpaka mwisho, na hakuna gazeti lililopata habari ile. Sheria ya urithi ina majibu yake juu ya watoto wa nje, na ya Kiislamu ni magumu. Lakini heshima ya kusikilizwa haigharimu fungu la mtu.

Halafu mirathi. Sisi tulichelewa, kwa kudhani hakuna cha kurithi: vyumba vya kupanga, suti za jukwaani, gitaa bovu. Tuliamka tuliposikia wimbo wake ukiuzwa kama mlio wa simu. Kumbe mdogo wetu mmoja alishaitwa na kampuni, akapewa bahasha na karatasi ya kusaini kama "mwakilishi wa familia". Hakuwa na mamlaka hayo, na waliomsainisha walijua. Hela ile ililiwa kabla ya mwezi kwisha, na ilituchukua muda mrefu kuongea tena kwa amani.

Njia tuliyoifuata ni hii. Kikao cha ukoo kikaketi na kuandika muhtasari wenye saini, kumpendekeza msimamizi. Tukachukua cheti cha kifo RITA, wakala wa vizazi na vifo. Tukafungua shauri Mahakama ya Mwanzo kwa Fomu Namba 1, kwa kuwa tunafuata mirathi ya Kiislamu. Mama akiwa na fungu lake la moja ya nane, mtoto wa kiume mara mbili ya wa kike. Ukiteuliwa kuwa msimamizi, mali si zako: unatakiwa urudishe mahakamani orodha ya mali ndani ya miezi minne, kwa Fomu Namba 5, kisha hesabu za ugawaji kwa Fomu Namba 6. Kilichotukwamisha ni majina. Cheti cha kifo kina jina la kuzaliwa, nyimbo zina jina la jukwaani, na mkataba mmoja wa sahani ya santuri iliyotengenezwa Nairobi una jina la tatu, la utani. Ikabidi tuape kiapo kwa wakili kwamba wote watatu ni mtu mmoja. Msanii anayesoma hapa, fanya kiapo hicho leo, ungali hai na kidole chako cha gumba kipo.

Hakimiliki ni mali, tena ya muda mrefu. Kwa sheria yetu ya mwaka 1999 haki za mtunzi zinaendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Haki haizaliwi kwa kusajili, lakini orodha ya nyimbo isipokuwepo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, nani atakutafuta akupe fedha? Na swali la nani ni mwenye wimbo si jepesi kwa watu wa zama za baba: aliutunga yeye, akiwa mwajiriwa wa shirika, kwa vyombo vya shirika, ukarekodiwa studio ya serikali. Nendeni na mwanasheria wa mambo haya hasa. Wa kesi za viwanja aliongeza gharama zetu, hakuongeza majibu.

Huyohuyo mdogo wetu aliyesaini ile karatasi aliamua kuimba, akajipachika "Junior". Sauti anayo, ya baba kabisa, na nadhani hiyo ndiyo balaa. Watu walikuja, wakampandia jukwaani kumtuza, noti usoni. Ila walikuwa wanamtuza baba kwenye paji la uso la mtoto. Akianza wimbo wake mwenyewe, wanakwenda baa. Femi Kuti wa Nigeria aliiacha bendi ya baba yake, Fela, mwaka 1986 akaunda yake, mzee angali hai, na hapa kwetu Banana Zorro, mwana wa Zahir Ally Zorro, alikuja na muziki wa rika lake. Mdogo wangu aliingia nyumba ambayo mwenyewe ameshafariki, na mashabiki hawakuruhusu ahamishe hata kiti. Siku hizi anafundisha watoto muziki na kupiga kinanda kwenye bendi ya hoteli, hana jina kwenye bango. Ananiambia amepumzika.

Fedha za nyimbo huja kidogo, kwa vipindi visivyotabirika, na mama ndiye anayeanza kupewa. Fungu langu la mara ya kwanza halikutosha kununua mtungi mmoja wa gesi. Nililiandika hata hivyo.

Kama mzazi wako bado yuko hai, mkalishe na daftari. Msianze na ugomvi wa utotoni. Huo utakuja wenyewe. Muulize kila wimbo: ulitungwa mwaka gani, bendi gani, nani aliandika maneno na nani alileta muziki, kanda iko wapi, alisaini nini. Aandike kwa mkono wake au umrekodi kwa simu. Na muulize nani alipiga solo, nani rizimu, nani besi, majina yao kamili ya kwenye vyeti. Baba alikuwa akiyataja kwa majina ya utani tu, na wazee wale wengi nao wamekwenda. Watoto wao wananipigia simu sasa, wanataka kujua baba zao walipiga kwenye wimbo upi, na nusu ya maswali yao nashindwa kuyajibu.